Kidonda cha mtu usiyemjua

Jumamosi ya kwanza ya Februari nilishuka Memorial kutafuta sweta la shule la mwanangu wa pili. La zamani lilisahaulika uwanjani, au aliazimwa rafiki, au lilibadilishwa kwa chapati mbili. Kila nikiuliza napewa jibu jipya. Anayeijua Moshi anaijua Memorial: mitumba imetundikwa mpaka juu, unapita ukipasua nguo kama uko katikati ya mahindi, na kila hatua mbili kuna anayekuita dada, mama, mrembo au bosi, kadiri anavyokupima mfuko.

Mwenye masweta ya kijani alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mtu mwenye ualbino, kapelo kichwani. Yeye anataka elfu tano, mimi nasema elfu tatu. Alipoinama kuvuta robota la chini ndipo nikaliona sikio lake la kushoto. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na gamba la kahawia, ukubwa wa punje ya haragwe, na kulizunguka gamba nyama imeinuka kama kingo za kisosi.

Nimekata masikio ya namna ile tangu nikiwa mwanafunzi wa upasuaji. Sikuhitaji kuwaza mara mbili.

Na bado nililipa elfu nne, nikachukua sweta, nikaondoka. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakiandika kama vile daktari akiona ugonjwa anaruka. Mimi niliondoka. Nilifika mpaka kijiwe cha bodaboda, nikapanga bei, nikapewa kofia ngumu, ndipo nikairudisha na kugeuka.

"Kaka, samahani. Hilo sikio limeanza lini?"

"Lipi?"

"La kushoto."

Akalishika kama mtu aliyekumbushwa deni dogo. "Aah, hili. Kapelo inachubua."

"Lina muda gani?"

"Unauliza kama nani, dada?"

"Mimi ni daktari."

Mama wa mapazia aliyekuwa meza ya pili akacheka kwa sauti. "Daktari wa kampuni gani?"

Nikamwelewa. Sokoni wanapita watu wenye mabegi na vipeperushi, wanauza vidonge vya kusafisha damu na chai ya kutoa sumu mwilini, na wote ni madaktari. Nikasema mimi ni wa hospitali, wa upasuaji. Hapo nikawa nimeharibu zaidi. Mwanamke, mfupi, mkononi sweta la shule la elfu nne: mpasuaji gani huyu? Nimeshazoea. Hata wodini hutokea nimemweleza mgonjwa operesheni yake yote, tutakata wapi, tutashona vipi, nikimaliza ananishukuru na kuuliza: "Sasa sista, daktari mwenyewe anapita saa ngapi?"

Yule kijana akaiandika namba yangu kwenye simu. Alifanya kwa adabu tu. Nilijua kwa sababu hakuniuliza jina.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile. Mgonjwa akija kliniki, mlango wenyewe umeshanipa ruhusa. Amepanga foleni, amelipia kadi au ametoa bima, amevua shati. Nikimwambia jambo baya hawezi kusema nimemvamia. Lakini sokoni? Kwetu, kumwambia mtu ana ugonjwa njiani ni kumchuria. Huanzi na kidonda cha mtu kabla hujamuuliza habari za nyumbani, na ukishauliza habari za nyumbani, atakujibu nzuri, na baada ya "nzuri" unaingizaje kansa?

Tabu ni kwamba kansa hii haijifichi. Ya ini iko ndani, ya kongosho iko ndani zaidi, na anayechelewa kuijua huwezi kumlaumu. Ya ngozi iko nje mchana kweupe. Kinyozi ameiona akizungusha mashine pale. Mke ameiona. Padri ameiona akimpa mtu komunyo. Mwalimu amemwona mtoto ana mabaka puani tangu darasa la tatu. Na bado wanatufikia kidonda kimekuwa na ukubwa wa sahani, kinanuka, nzi wanamfuata mtu tangu getini, na ndugu waliomleta wanasema kilianza kama kipele. Ni kweli, kilianza kama kipele. Wote walikiona.

Kwa watu wenye ualbino sababu haina fumbo. Mwili wao hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayokinga ngozi, kwa hiyo mionzi ya jua inafika moja kwa moja kwenye seli na kuziharibu, kidogo kidogo, tangu utotoni. Kinachoota zaidi ni kansa ya seli za juu za ngozi, na inapenda mahali jua linapopenda: masikio, pua, mdomo wa chini, shingo, mgongo wa kiganja. Hapa kwetu tuko digrii tatu tu kusini mwa Ikweta, na mji umekaa zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10, kwa hiyo mtoto wa Marangu au Kibosho anaungua kuliko wa Tanga, ingawa yeye amevaa sweta na anasema leo kuna baridi. Julai ndiyo mbaya. Wingu limetanda, mlima hauonekani wiki nzima, watu wanasema jua halipo. Joto ndilo halipo. Wingu jepesi linapitisha sehemu kubwa ya mionzi inayounguza.

Halafu kuna kapelo. Sijui nani alituaminisha kwamba kapelo ni kofia. Inakinga paji la uso, na paji la uso si mahali ninapokata sana. Ninakata masikio na shingo, ambavyo kapelo imeviacha nje kabisa. Kofia inayofaa ina ukingo mpana pande zote, kama ile ya majani ya mzee wa kuchunga. Shule nyingine hazimruhusu mtoto kuivaa kwa kuwa haimo kwenye orodha ya sare. Nimewahi kuandika barua tatu kwa shule moja kwa ajili ya kofia moja ya mtoto mmoja, na barua ya tatu niliigonga mhuri wa hospitali nzito kuliko ilivyohitajika.

Na nimewahi kualikwa kwenye sherehe ya tarehe 13 Juni, siku ya uelewa kuhusu ualbino. Turubai lilikuwepo, zuri, na viti vyenye vitambaa. Chini ya turubai walikaa wageni waalikwa. Wenye siku yao walipangwa juani, mbele, ili wapigwe picha vizuri. Hotuba zilianza saa tano na kwenda mpaka saa nane. Nilihamisha kiti changu nikaenda kukaa nao. Ndani ya nusu saa shingo yangu hii nyeusi ikaanza kuwaka.

Tuna bahati moja. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yalianza kutengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na hutolewa bure kwa watu wenye ualbino. Mengine ya dukani bei yake ni hela ya unga ya wiki. Ila mafuta nayo yana mambo yake. Mtu anayapaka asubuhi mara moja, kidogo, kama mafuta ya kupendezesha, kisha anakwenda shamba mpaka jioni. Yanatakiwa mengi, na kila baada ya saa mbili tena. Ndiyo maana mimi naanza na kivuli, kofia na mikono mirefu, mafuta yanafuata.

Nirudi kwenye kisu, kwa kuwa hapo ndipo watu wananiogopa.

Maneno ninayosikia kuliko yote ni haya: "Daktari, nasikia kansa ikiguswa na kisu inasambaa." Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi namuuliza aliyasikia kwa nani, na karibu kila mara kuna mtu halisi: shangazi alikatwa, miezi mitatu akazikwa. Sasa ukimfuatilia shangazi unakuta alikuja na uvimbe wa miaka minne, mitoki imejaa, mapafu yameshaingiliwa. Kisu kilimkuta njiani. Lakini kijijini walioona waliona kitu kimoja kabla ya msiba, nacho ni bandeji. Aliyekatwa mapema akapona hazungumzwi, kwa sababu kovu lake ni dogo na yeye mwenyewe anasema alitolewa kipele. Hivyo ushahidi wote wa kijiji uko upande mmoja, na mimi nasimama pale na kalamu yangu ya zambarau.

Kalamu ni ya kuchora. Kabla ya ganzi nachora duara kufuata ukingo wa uvimbe, kisha nachora la pili nje yake, milimita 6 kama ni sikio, nikipima kwa rula ndogo ya chuma. Wagonjwa wanalalamikia duara la pili. "Hapa pazima daktari, mbona unapakata?" Napakata kwa sababu mizizi ya kitu hiki haionekani kwa macho, na nikibana leo nitarudi kesho na kuchukua sikio zima. Nikishatoa naweka uzi mrefu upande wa juu na mfupi upande wa mbele, kinyama kinaingia kwenye kopo la fomalini, na anayekisoma maabara anajua kilikaaje kichwani mwa mtu. Baada ya hapo ni kusubiri majibu. Hicho ndicho kipindi ambacho simu yangu haipumziki, na sina cha kusema isipokuwa "bado, baba" na "bado, mama".

Pengo likiwa kubwa tunachukua ngozi pajani, nyembamba kama ganda la kitunguu, tunaipandikiza. Paja huuma kuliko kidonda chenyewe. Nasema mapema, wasinichukie baadaye.

Kuna na kidonda ndugu. Jina hili lilipewa na mtu mwenye akili: kinakaa nawe kama ndugu, unakilisha, unakivisha, hakiondoki. Mtu aliungua na koroboi akiwa mtoto, kovu likawa linapasuka na kufunga, linapasuka na kufunga, miaka ishirini, thelathini. Siku moja kinaanza kuota nyama kama ua la koliflawa na kutoa harufu mpya. Mfaransa aliyeitwa Marjolin alieleza vidonda vya aina hiyo mwaka 1828 na jina lake limebaki kwenye vitabu. Nilichojifunza mimi ni kuuliza kuhusu harufu. Mwenye kidonda cha miaka thelathini anakijua kuliko ninavyojua ngozi. Akisema "siku hizi kimebadilika", nachukua kinyama siku hiyo hiyo, maana huenda kimegeuka kansa.

Sasa nifike kwa baba mkubwa, maana nimezunguka.

Kaka yake baba, Kibosho, mtu wa migomba na kahawa. Kila Desemba tukipanda nyumbani kwa Krismasi yeye ndiye wa kwanza kutupokea, na buti zake za mpira. Mwaka mmoja nikaona anachechemea. "Shikamoo baba. Mguu vipi?" "Marahaba mama. Nilikanyaga mwiba." Tukakaa, mbuzi akachinjwa, mbege ikamiminwa. Mwaka wa pili anachechemea. Mwiba ule ule. Nikamtania kwamba huo sasa ni mti. Mwaka wa tatu alikuwa amekata upande wa buti kwa kisu ili mguu upumue, na mimi, daktari wa upasuaji ambaye Novemba hiyo hiyo nilikuwa nimefundisha vijana wa intaneshipu kwamba melanoma, aina moja ya kansa ya ngozi, kwa watu weusi usiitafute mgongoni kama vitabu vya Ulaya vinavyosema, itafute kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mimi niliiona buti iliyokatwa na kumwambia nitamletea nyingine.

Jua halihusiki hapo. Unyayo haupigwi na jua. Hiyo ni aina nyingine, inatoka kwenye seli zenyewe zinazotengeneza rangi, na mtu mweusi anayo rangi mpaka ya kugawa. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa 1977, watu wakasema ni jeraha la mpira, na Mei 1981 alikufa na miaka 36. Kila ninapowasimulia wanafunzi hadithi hiyo wananyamaza, kwa sababu wimbo wanaujua na kidole hawakijui. Jeraha la mpira, mwiba wa shambani: siku zote kuna kitu kilichokanyagwa. Ikiwa bado nyembamba, chini ya milimita 1, wengi hupona kwa kisu peke yake.

Alikuja mwenyewe, kwa daladala, Machi. Hakuja kwa ajili ya mguu. Alikuja kwa sababu ya mtoki. Nilipouona nikamwambia avue buti, na ninaamini alijua kwa jinsi nilivyosema, kwani hakuuliza kwa nini. Kisiginoni palikuwa na doa jeusi lenye mipaka iliyochanika kama ramani, na katikati kidonda.

Ndugu hatumkati. Mwenzangu alimfanyia, alifanya vizuri, ilikuwa imeshapanda. Tulimzika kabla ya Krismasi kihambani, kati ya migomba yake, na nilichukia kwamba watu walinishukuru kwa kumhangaikia.

Tangu hapo mtu akija kwangu na goita, ninamwambia avue viatu. Wengine wanadhani ni masharti ya usafi, wanavipanga mlangoni kama msikitini. Wasichana wenye rangi ya kucha nyeusi wananikosesha raha. Naomba wafute ukucha mmoja, wananiangalia kama bibi mkorofi. Wanangu wamekataa nisiwakague tena mbele ya wageni. Na Alhamisi Kuu iliyopita, padri alipopiga magoti kuwaosha miguu wale kumi na wawili, nilijikuta nimesimama nusu kwenye benchi, nimenyoosha shingo, nakagua nyayo za mitume moja baada ya nyingine. Mume wangu alinivuta gauni. Hakukuwa na kitu. Magaga tu, mengi.

Kijana wa Memorial hakupiga simu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Katikati ya Machi nikarudi, sina hata cha kununua. Gamba lilikuwa limepakwa unga wa rangi mbili, zile kapsuli za dukani watu wanazozifungua na kumwaga kwenye vidonda. Safari hii sikusema chochote cha hospitali. Nilikaa kwenye robota, tukazungumza bei ya mzigo, jinsi unavyonunua robota hujui ndani kuna nini, ukifungua unakuta makoti ya theluji. Alikuwa mcheshi. Baada ya saa nzima akasema mwenyewe: "Hili sikio linanilaza upande mmoja."

Alikuja Jumanne iliyofuata. Tulimpa ganzi, tukatoa kipande kama cha keki kwenye ukingo wa sikio, tukashona, akatembea mwenyewe mpaka stendi. Alipokuwa amelala pale, shuka la kijani limemfunika uso, aliuliza: "Dokta, sikio likipungua, mteja akisema elfu tatu nitamsikia?" Nesi aliangusha mkasi kwa kucheka. Majibu yalikuja: kansa, kingo safi pande zote. Nilimpigia nikiwa bado nimeshika karatasi.

Kofia pana ameshindwa kuivaa kazini. Inagonga nguo zilizotundikwa na kuangusha henga. Badala yake amebadilishana upande na yule mama wa mapazia, jua la mchana sasa linampiga mgongoni na ametundika makoti yale ya theluji nyuma yake kama ukuta. Nje ya meza anavaa kofia. Mama wa mapazia ananiita daktari wa kampuni mpaka leo.

Wiki iliyopita nilipita pale kununua soksi, akanilipisha bei kamili. Wakati anatafuta chenji akasogeza kichwa na kushusha sauti. "Kuna mama wa nyanya, pale kona. Ana kitu kisiginoni, cheusi. Nimemwambia mara mbili. Anasema ni mwiba."

Nikaenda. Mama wa makamo, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, miguu ameikunja ndani ya kanga. Nilimsalimia, nikauliza habari za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima, za biashara, hivyo hivyo tu. Kisha nikabaki nimesimama.

"Mama, unanunua?"

Nikanunua fungu la elfu moja. Akafunga kwenye mfuko, akanipa, akarudisha miguu ndani ya kanga.

Nikanunua fungu la pili.